Rendu Imefika Wapi?

Katika chumba changu cha kazi kuna neno moja ambalo halisemwi. Wanaokuja kwangu kujifunza uchoraji wa kompyuta nawaambia siku ya kwanza, kabla hata hawajapata kiti: hapa hatusemi "rendu". Wanacheka, maana kila mtu wa kazi hii Lubumbashi anasema hivyo. Kompyuta inapochukua maumbo na mistari tuliyoipanga na kuigeuza kuwa picha za mwisho, moja baada ya nyingine mpaka zitembee, hiyo ndiyo rendu. Kwangu mimi picha zinapikwa. Picha iko jikoni, picha imeiva. Wacheke tu. Atakayeteleza akalitaja lile neno namtoa nje akapunge upepo, na sioni haya kusema kwamba nimewahi kumtoa mtu aliyekuja kuniletea kazi.

Sababu yake ni mwanamke mmoja aliyekaa kwenye ngazi za depo, ghala la bidhaa, na mwanaume mmoja aliyemwacha akae. Nikianza kueleza damu inanichemka bado, kwa hiyo nitajaribu kwenda polepole, ingawa polepole si tabia yangu na wanaonijua watashangaa.

Wakati ule tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa ametoka Kivu Kaskazini kuja kusoma chuo kikuu, akamaliza, akabaki. Yeye alijenga maumbo ndani ya kompyuta: milima, magari, watu. Mimi nilikuwa wa mistari. Chumba chetu kilikuwa juu ya depo ya mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Kivu vilevile, mkristo wa kusali kwa sauti, mwenye malori ya kuleta maharagwe na viazi. Tulimwita patroni, yaani bosi, kama walivyomwita wote. Alitupa chumba na umeme wa jenereta yake mchana, na sisi tukaahidi kumtengenezea filamu fupi ya kutangaza malori yake. Umeme wa mji wetu mnaujua: migodi inakula, sisi tunalamba sahani. Mtu akikupa waya wenye moto ndani yake, unamwitikia "ndiyo, papa" kwa mambo mengi ambayo siku nyingine ungemtukana.

Filamu yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia. Lori kubwa linashuka kutoka vilima vya Kivu, linazunguka nchi jirani, linavuka mito na mipaka, linafika Lubumbashi na kuingia katika geti la depo. Patroni alitaka ing'ae kama filamu za nje. Nilimkatalia. Kwa kompyuta zetu mbili zilizochoka, lori la kung'aa lingetoka kama sahani ya plastiki. Nikamwambia nitamfanyia la mistari, mistari myeusi juu ya weupe, kama ya wachoraji wa mji huu, wale ambao picha zao zilining'inia katika salon, sebule za wazazi wetu: mstari mnene chini pale mzigo unapolemea, mwembamba juu pale mwanga unapopiga. Alikunja uso, lakini nilipomchorea lori lake mwenyewe kwenye karatasi, na bodi yake iliyobonyea ubavuni, akacheka akasema nifanye.

Watu wanadhani mistari ni kazi ndogo kuliko rangi. Kompyuta haijui mstari ni nini. Inajua ngozi ya vitu tu, bati, kitambaa, shavu. Lazima uiulize: ni wapi ngozi hii inageuka na kutoweka machoni? Hapo ndipo inachora ukingo. Tatizo ni kwamba inajiuliza upya kwa kila picha, na kila mara inajibu tofauti kidogo, kwa hiyo filamu ikitembea mistari yote inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nilihangaika sana kuifunga mistari kwenye mwili wenyewe, ili mstari wa bega ubaki begani hata bega likigeuka. Halafu kuna mistari iliyofichwa. Mtu aliye nyuma ya mlango kompyuta inamjua, inamhesabu, inajua vidole vyake viko wapi, lakini haimchori kwa sababu mlango umemziba. Kuna mahali pa kubonyeza ili achorwe au asichorwe. Hilo mlikumbuke.

Dereva wa lori la patroni alikaa ili tumchore. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mtoto wa familia ya Kikatoliki iliyoshuka kutoka kaskazini ya Katanga zamani za babu zake, watu wa reli. Alipanda kwetu siku lori lilipokuwa linapakiwa, akaketi juu ya kreti ya bia, mikononi ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani.

"Papa yangu alikuwaka wa reli," alituambia kwa Kiswahili chetu, ambacho "ndiyo" yake ni "njo". "Hakukataka kona hata siku moya, reli njo ilikuwa inamukatia. Miye wa kwanza mu famille kuikata miye mwenyewe."

Mwenzangu alimpima mabega kwa kamba na mimi nikachora. Kila nilipoinua macho alivuta tumbo ndani.

"Musinichore na tumbo, eh! Muke yangu ataona, atasema minakulaka inje."

Hakuwa anaegemea kiti kama madereva wengine. Aliendesha ameinama mbele, shingo imetoka kidogo upande, sikio kuelekea usukani. Nilimwuliza kwa nini. "Niko nasikiliza moteri," akasema. "Moteri inasemaka mbele ya kufa." Basi mstari wake ulianzia kiunoni ukapanda mgongoni mpaka kisogoni bila kukatika, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Niliuchora mpaka nikaweza kuuchora nimefumba macho, nikaufunga mwilini mwake ndani ya kompyuta, na haukutetemeka hata kidogo. Mpaka leo sijafanya kitu kizuri kuliko mstari ule.

Halafu vita vya mashariki vikasogea. Miji midogo ilianguka, kila asubuhi mwingine, na watu wa Kivu waliokuwa Lubumbashi wakawa wanatembea na simu masikioni kama wanaoumwa meno. Mama yake mwenzangu alikuwa katika mji mkubwa wa kule. Mwenzangu alikuwa anapiga, simu haipiti, anapiga tena huku mkono mwingine unasogeza magurudumu ya lori kwenye skrini. Wenye malori wote wa mtaa wetu wakayaegesha. Viazi vikapotea sokoni, maharagwe yakawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona.

Patroni hakuegesha. Nilikuwa uani nachota maji ya chai nilipomsikia kwa masikio yangu akimwambia karani wake: "Bengine banaogopa. Njo wakati ya kuuzisha." Dereva alipanda lori lake akiwa amebeba bidhaa za wafanyabiashara wengi, akatuona dirishani, akapaza sauti kutoka chini:

"Munimalize mbele nirudi!"

Tukamwitikia kwamba akirudi atakuta tumemmaliza, hata tumbo tumelitoa.

Alipiga simu akiwa mpakani, halafu hakupiga tena. Mji mkubwa ukaanguka. Lori halikuonekana, wala bidhaa, wala yeye. Wenye bidhaa walipoanza kujaa deponi kuuliza, patroni akapata jibu lake, na jibu hilo alilisema kwa uso mkavu mpaka likazoeleka: shofere alikimbia na camion. Mtu aliyekuwa anamtuma miaka yote, aliyekuwa anakula naye sahani moja safarini, akageuzwa mwizi wa lori kwa maneno manne.

Baada ya hapo akapanda ngazi zetu. Alisimama nyuma ya kiti changu akaangalia skrini, dereva ameinama anasikiliza moteri yake.

"Mutoe uyu muntu mu film."

"Papa, na camion itaenda na nani?"

"Bantu habaangaliake shofere. Banaangaliaka camion."

Jenereta ilikuwa inanguruma chini. Nilimeza maneno. Sikumfuta, nilibonyeza pale pa kuficha. Dereva akabaki ndani ya lori, kompyuta ikaendelea kumhesabu, ila hakuchorwa tena. Tukalijaribu. Lori lilishuka vilima peke yake, usukani ukazunguka, hakuna mtu. Mwenzangu aliliangalia mpaka mwisho, akasema, "Hii ni camion ya mashetani," akarudi kwenye simu yake.

Sasa nifike kwa mke wa dereva.

Mwanzoni alikuja getini akalia. Hakulia kwa adabu. Alisimama kati ya njia ya kuingilia malori akapaza sauti: "Muniambie bwana yangu iko wapi! Mulimutuma wapi?" Wateja waliokuwa wanakuja na mikokoteni yao waligeuka wakaenda depo nyingine. Alikuja hivyo siku baada ya siku, na kwa kweli nilikuwa napenda kumsikia, kwa sababu alikuwa anasema niliyokuwa nimeyameza.

Halafu ghafla akanyamaza. Asubuhi moja aliingia getini bila kelele, mlinzi akampisha, akapita uani, akaja kuketi kwenye ngazi za chumba chetu na mkoba wake magotini. Mlangoni kwetu palikuwa na karatasi tuliyoibandika kwa ajili ya mlinzi anayeshika jenereta, asituzimie umeme: RENDU INAENDELEA. MUSIKATE COURANT. Aliisoma kwa sauti ndogo, nilimsikia. Nilipotoka akasimama.

"Mudogo yangu, njo apa banafanya rendu?"

"Eyo, mama. Njo apa."

"Imefika wapi?"

"Haiyafika mbali. Iko naenda polepole."

"Lakini iko naenda."

"Iko naenda, mama."

Akafumba macho, akafanya alama ya msalaba, akaketi tena. Nilirudi ndani nimechanganyikiwa na nimejaa haya. Nilijua dereva alimwambia mkewe kwamba tunamchora. Nikadhani amekuja kungojea kumwona mumewe katika filamu, na mimi nimemficha ndani ya bati. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mwenzangu naye akasema tumwache, pengine patroni atabadili mawazo.

Akawa anakuja kila asubuhi. Hakulia tena. Alikuwa ananiuliza swali lilelile, nami namjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote wa kazi.

"Leo imefika wapi?"

"Leo iko nusu, mama."

"Nusu ya njia?"

"Eyo, nusu ya njia."

Alitabasamu mpaka nikamwona meno. Siku nyingine aliniuliza kama iko nzima. Nikamwambia iko nzima, ni kutetemeka tu ndiko kulitusumbua, "kama muntu ya malaria", lakini sasa imetulia. Kesho yake akanipa kikaratasi kilichosokotwa, ndani vidonge. "Ya malaria," akasema. "Mutumie." Nikamshukuru. Nilimwonyesha mwenzangu, tukacheka kidogo, kwamba mama ametuona tulivyokonda akatuhurumia, anatuambia tutumie dawa. Tukavitia kwenye droo. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina "mu" moja tu kwa mambo mengi, na "iko" moja kwa mtu na kwa kitu. "Mutumie", ninyi muitumie. "Mutumie", umtumie yeye, aliko. Nilizaliwa katika lugha hii, nimenyonya nayo, na sikusikia.

Kulikuwa na siku jenereta ilizimika katikati kwa kukosa mafuta. Kompyuta ikapoteza kila kitu, picha zote zilizokuwa tayari. Nilitoka nje nimevimba kwa hasira, na mama alikuwa pale.

"Courant ilikatika, mama. Imerudia mwanzo."

Alishika ukuta. Alikaa chini taratibu, mkoba ukaanguka, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilimletea maji. Nilimwambia asilie, tutaanza tena, tutafikisha. Jioni nyumbani nilisimulia kama habari nzuri: kuna mama mmoja pale deponi ana moyo, analia kwa ajili ya courant yetu. Dada yangu akasema mama wa namna hiyo ni wachache siku hizi.

Tulianza tena. Magari yalikuwa hayaji kutoka mashariki, depo ilikuwa nusu tupu, lakini patroni alikuwa ameshapanga siku ya kuonyesha filamu mbele ya wafanyabiashara, ili waone kwamba bado ana nguvu, na safari hii mafuta ya jenereta hayakukosekana. Kazi ikaenda vizuri. Ilipobaki kidogo nilimwambia mama kwenye ngazi:

"Kesho itaisha. Kuya uone."

Nilikuwa nimepanga kumtolea kwa siri karatasi nilizomchora mumewe kwa mkono, ili asiambulie patupu. Nilizifunga kwa kamba nikaziweka tayari.

Kesho yake alikuja amevaa kitenge cha kanisani na kitambaa kipya kichwani. Watoto wake walikuwa wameogeshwa, miguu inang'aa kwa mafuta. Alikuwa na sufuria imefungwa kwa kitambaa, ya bukari, ugali wetu, na samaki, nilisikia harufu, na mkononi shati la mwanaume lililopigwa pasi, limekunjwa ndani ya plastiki. Hakuja kwenye ngazi. Alisimama uani akiangalia geti.

Nilimwita kutoka juu. "Mama, panda! Iko huku juu."

"Juu?"

"Eyo, iko huku!"

Akapanda mbio. Aliingia, akaangalia nyuma ya mlango, akavuta pazia la kona tunapoweka mabakuli yetu. Watoto walibaki kizingitini.

"Iko wapi?"

Nikamgeuzia skrini. Lori lilishuka vilima, mistari yake imetulia, mizuri, nilikuwa naionea fahari hata wakati ule, Mungu anisamehe. Likavuka mto. Likaingia geti. Hakuna mtu ndani. Mama aliangalia mpaka mwisho kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi asizozijua, halafu akanigeukia.

"Na rendu?"

"Njo hii, mama. Njo rendu yenyewe."

"Hii ni picha."

"Eyo."

"Patroni aliniambia kuko rendu. Kama bale banashikaka bantu kule ku vita banaweza kubarudisha, njo banafanya rendu. Aliniambia nisilie tena, niulizake bale ba juu." Alikuwa anasema polepole, kama anatusaidia kuelewa. "Uliniambia iko nusu ya njia."

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na kwa Kifaransa kweli ni kurudisha. Tumelichukua sisi wa kompyuta tukalitumia kwa picha, na hatukukumbuka tena kwamba lina maana yake nyumbani kwake. Mwenzangu aliweka paji la uso ukutani akabaki hivyo. Mama aliweka shati juu ya meza yangu kwanza, halafu akalichukua tena, kama aliona meza ile haifai. Alishuka ngazi na watoto wake na sufuria yake.

Nikashuka nyuma yake, nikaenda kwa patroni. Alikuwa anakunywa chai. Sikumsalimu.

"Ulijua."

Hakujitia hamnazo, hilo nampa. Aliweka kikombe chini.

"Alikuwa analia pa mulango. Ba clients banaogopa."

"Ukamuambia tunamurudisha bwana yake!"

"Nilisema kuko rendu. Munafanya rendu ao hamufanye? Sikusema bongo."

Ati hakusema uongo! Nilitaka kuichukua ile chai nimmwagie. Nasema nilitaka, na kama kikombe kingekuwa karibu nami pengine ningefanya. Alimpaka yule mama mafuta kwa mgongo wa chupa, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa chupa. Kila siku alipita chini ya zile ngazi kwenda ofisini kwake. Alimwona ameketi. Alimsalimu! Nilimsikia akimsalimu, "Mama, uvumilie."

"Hata miye niko na bantu kule," akasema, na sauti ikamshuka. "Ndugu yangu sijamusikia."

Nilimwamini. Hilo likanitia moto zaidi. Alijua hasa njaa ya kungojea habari ilivyo, anaijua tumboni mwake mwenyewe, na ndiyo aliyoitumia kumnyamazisha mwanamke wa watu.

Nilipanda juu. Mwenzangu alikuwa ameshafungua kazi. Alinisogezea kiti. Nikabonyeza pale pa kumwonyesha dereva, lakini kumwonyesha peke yake hakukunitosha, maana bati la mlango lilikuwa bado linamziba mpaka mabegani. Nikaiambia kompyuta ichore kila mstari, hata uliofichwa. Ipite mlango, ipite bati, ipite kiti. Lori likawa jepesi kama chandarua, na ndani yake mtu mzima, magoti, mikono, ule mgongo, kisogo, sikio limeelekea kwenye moteri. Mistari ya lori niliifanya myembamba. Yake niliifanya minene. Tukaiacha ipikwe kwa mafuta ya patroni mwenyewe.

Kabla ya siku ya kuonyesha nilikwenda kwa mke wa dereva, mtaa wa Kasungami, nyuma ya mashamba ya mboga. Nilikwenda kuomba ruhusa ya kumwonyesha dereva, kwa sababu mume alikuwa wake. Hakunikaribisha kiti na sikukitegemea. Mpaka ninapoandika haya, hakuna aliyemwona yule dereva, wala aliyemzika.

"Mi sitaki picha," akasema.

"Mama, si ya kukupatia weye. Ni ya kubauliza bale ba depo."

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alimaliza fungu moja, akachukua jingine.

"Atakuwa mu camion?"

"Atakuwa."

"Basi nitakuya."

Siku yenyewe wafanyabiashara walikaa deponi, juu ya magunia na viti vya kuazima. Patroni alisali, sala ndefu, akawaombea wote walio kule mashariki, na watu waliitikia amina kwa moyo kwa sababu wengi walikuwa na watu wao kule. Halafu mwenzangu akawasha.

Walipenda mwanzo. Walicheka walipoona ule ubavu uliobonyea, mmoja akapiga makofi. Lori likakaribia, likageuka kona ya kilima, na mtu akaonekana ndani ya bati, ameinama. Kicheko kikapungua kidogo kidogo. Mzee mmoja wa maharagwe alisimama juu ya gunia lake ili aone vizuri, akamtaja dereva kwa jina.

"Si yeye uyu? Muone vile anainama. Njo yeye!"

Patroni alikwenda kwenye waya ili auchomoe. Mwenzangu alikuwa amesimama mbele ya soketi, mikono kifuani, na mtu wa Kivu akamwangalia mtu wa Kivu machoni, wote wawili hawajui ndugu zao wako wapi. Patroni akasimama.

Mama alikuwa amekaa nyuma, karibu na mizani. Aliinuka na lile shati mkononi, bado liko ndani ya plastiki yake.

"Patroni. Uyu iko wapi?"

"Mama, nilisha kusema. Alikimbia na..."

Akageuka kuelekea skrini, sijui kwa nini, pengine kwa mazoea ya kuonyesha kwa kidole, na pale dereva wake alikuwa anavuka mto, amekaza shingo, anasikiliza.

"Bengine balisimamisha ma camion yabo," akasema yule mzee wa maharagwe kutoka juu ya gunia. "Bote balisimamisha."

Jenereta ilikuwa inanguruma uani. Patroni alijifuta uso kwa kiganja.

"Nilimutuma," akasema chini chini. "Ni miye nilimutuma. Bengine balikataa, miye nikamutuma."

"Rudilia," mama akasema.

"Mama..."

"Rudilia. Bote basikie."

Akarudia, safari hii kwa sauti. Filamu ilikuwa imefika mwisho na kuanza tena, lori likashuka vilima na mume wake ndani, lakini mama hakuliangalia. Alikuwa anamwangalia patroni mdomoni, na alipomaliza kusema akamwambia tena, "Rudilia."